Leonhard Euler na Namba Iliyoaminiwa Miaka Tisini

Umekwisha kujifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kitabu hiki kinasimulia maisha ya mtu aliyechukua hesabu hizo hizo nne akagundua kosa ambalo wataalamu wa Ulaya hawakuligundua kwa miaka zaidi ya tisini. Jina lake ni Leonhard Euler. Jina hilo la pili hutamkwa Oila.

Unaposoma, weka kalamu na karatasi karibu. Kuna mahali utazihitaji.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Uswisi ni nchi ya milima mirefu iliyo katikati ya Ulaya. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa. Mama yake, Marguerite, alikuwa binti wa mchungaji. Leonhard alipokuwa bado mdogo sana, wazazi wake walihamia kijiji cha Riehen, karibu na Basel. Huko ndiko alikokulia.

Mzee Paul alikuwa amesoma hesabu kidogo katika ujana wake. Basi yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mwanawe. Lakini hakutaka mtoto awe mtaalamu wa hesabu. Alitaka awe mchungaji kama yeye.

Leonhard alipofika umri wa miaka 13 aliingia chuo kikuu cha Basel. Zamani zile haikuwa ajabu kijana wa umri huo kuingia chuo kikuu. Pale chuoni alikuwapo mwalimu mashuhuri sana wa hesabu, Johann Bernoulli. Kijana alimwomba amfundishe peke yake. Bernoulli alikataa, kwa sababu alikuwa na kazi nyingi. Badala yake alimtajia vitabu vigumu, akamwambia avisome mwenyewe. Akikwama, aje Jumamosi alasiri kuuliza.

Basi Euler alisoma peke yake wiki nzima. Alijitahidi kupunguza maswali yake kadiri alivyoweza, ili asimchoshe mwalimu. Kila Jumamosi alikwenda na yale machache yaliyomshinda. Baadaye alisema kuwa hiyo ndiyo njia bora ya kujifunza hesabu, kwa maana kila fundo moja lilipofunguliwa, mengine kumi yalifunguka pamoja nalo.

Bernoulli akaona kuwa huyu si mwanafunzi wa kawaida. Akaenda kusema na baba yake. Mzee akakubali, na habari ya uchungaji ikaishia hapo.

SAFARI YA URUSI

Basel ulikuwa mji mdogo, na nafasi za kazi chuoni zilikuwa chache. Lakini mbali sana upande wa kaskazini mashariki, katika mji wa St. Petersburg, Urusi ilikuwa imeanzisha Akademia ya Sayansi. Akademia ni chama cha wataalamu wanaolipwa na serikali ili wachunguze mambo na kuandika wanayoyagundua. Watoto wawili wa Bernoulli walikuwa wamekwenda kufanya kazi huko, nao wakamwombea Euler nafasi.

Nafasi iliyopatikana ilihusu utabibu, si hesabu. Euler hakukataa. Alisoma mambo ya utabibu kwa miezi michache, kisha mwezi wa Aprili 1727 akafunga safari kwa mashua, gari la farasi na meli. Alifika mwezi wa Mei. Siku ile ile aliyofika, malkia wa Urusi, Catherine wa Kwanza, alifariki. Malkia huyo ndiye aliyekuwa akiitegemeza Akademia. Kwa muda mambo yakawa magumu, na Euler akatumikia jeshi la majini la Urusi. Lakini polepole alipewa kazi aliyoiweza. Mwaka 1733 akawa mkuu wa hesabu katika Akademia, akiwa na umri wa miaka 26.

Kabla ya hapo, hata hivyo, alipata barua. Barua hiyo ilitoka kwa rafiki yake Christian Goldbach, aliyekuwa Moscow wakati huo. Iliandikwa tarehe 1 Desemba 1729. Goldbach alimuuliza Euler kama anajua jambo fulani lililosemwa na Bwana Fermat kuhusu namba.

MANENO YA BWANA FERMAT

Pierre de Fermat alikuwa Mfaransa. Kazi yake ilikuwa ya sheria na mahakama, katika mji wa Toulouse. Hesabu alizifanya jioni, kazi zikiisha. Hata hivyo, katika habari za namba hakuna mtu wa siku zake aliyemshinda. Alifariki mwaka 1665. Kwa hiyo Goldbach alipoandika barua yake, Fermat alikuwa kaburini zaidi ya miaka sitini.

Ili tuelewe alichokisema, tuanze na namba tasa. Chukua maembe 12. Unaweza kuyapanga katika mafungu manne ya maembe matatu matatu. Unaweza pia kufanya mafungu mawili ya sita sita. Sasa chukua maembe 7. Hata ukijaribu kutwa nzima, huwezi kuyapanga katika mafungu yaliyo sawa, ila uweke embe moja moja au uyaache yote pamoja. Namba kama 7 huitwa namba tasa. Jina lenyewe si la kupendeza, maana neno hilo likisemwa juu ya mtu huumiza. Katika hesabu halina ubaya. Namba tasa nyingine ni 2, 3, 5, 11 na 13.

Sasa tuongeze jambo la pili. Weka chini punje moja ya mahindi. Irudufu, yaani uzidishe mara mbili. Utapata punje 2. Rudufu tena, 4. Tena, 8. Tena, 16. Ukiendelea hivyo, namba zinakua upesi kuliko unavyodhani. Ukirudufu mara kumi una punje 1,024, ambazo bado zinaingia katika bakuli dogo. Ukirudufu mara thelathini na mbili utapata punje 4,294,967,296. Yaani zaidi ya bilioni nne, na bilioni moja ni milioni elfu moja. Hata tukisema punje 4,000 zinafanya kilo moja, hayo ni zaidi ya magunia 10,000 ya kilo mia mia. Na yote yalianza na punje moja!

Fermat alifanya hivi. Alirudufu mara moja, akaongeza moja: akapata 3. Alirudufu mara mbili, akaongeza moja: 5. Mara nne, na moja: 17. Mara nane, na moja: 257. Mara kumi na sita, na moja: 65,537. Namba hizo tano zote ni tasa. Hakuna hata moja inayogawanyika.

Basi mwaka 1640 akawaandikia rafiki zake kwamba namba zote za aina hiyo ni tasa, hata ukienda mbali kiasi gani. Alikiri kuwa hajapata uthibitisho kamili. Lakini alisema anaamini hivyo kwa nguvu zake zote.

Namba inayofuata katika safu yake ni ile ya kurudufu mara thelathini na mbili, na moja juu yake:

4,294,967,297

Je, ni tasa au si tasa?

MIAKA TISINI BILA MTU KUONYESHA KOSA

Mtu akiitazama namba hii hataona kitu. Inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Ukijumlisha tarakimu zake zote utapata 59, na 59 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo namba yenyewe pia haigawanyiki kwa 3. Ukigawanya kwa 7 inabaki 5. Unaweza kuendelea hivyo na 11, na 13, na 17, na 19.

Uendelee mpaka wapi? Fikiri kidogo. Ukizidisha 65,536 mara 65,536 unapata ile namba yetu kasoro moja. Kwa hiyo kama namba yetu ni zao la namba mbili, ile ndogo haiwezi kupita 65,536. Kati ya 1 na 65,536 kuna namba tasa 6,542. Kuzijaribu zote kwa mkono ni kazi ya kuchosha mno. Pengine ndiyo sababu watu waliona afadhali kumwamini Bwana Fermat. Alikuwa hodari, alikuwa amesema kweli mara nyingi, na namba tano za kwanza zilikuwa upande wake. Nani angetaka kufanya mafungu elfu sita ya hesabu ili amkosoe marehemu mwenye sifa?

Euler mwenyewe hakulijali jambo hilo mwanzoni. Alipomjibu Goldbach hakuonyesha hamu. Lakini Goldbach hakuacha, akaandika tena. Ndipo Euler alipoanza kusoma maandishi ya Fermat kwa makini. Tangu siku hizo hadi alipofariki, hakuacha tena kushughulikia habari za namba.

Mwaka 1732, akiwa na miaka 25, Euler aliwapelekea wenzake wa Akademia maandishi ya kurasa chache tu. Ndani yake alieleza kuwa namba ile si tasa. Inagawanyika kwa 641 bila baki.

Hapa ndipo kalamu yako inapohitajika. Usimwamini Euler kama watu walivyomwamini Fermat. Ukigawanya 4,294,967,297 kwa 641 utapata 6,700,417. Ihakikishe kwa kuzidisha:

6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200
6,700,417 mara 40 ni 268,016,680
6,700,417 mara 1 ni 6,700,417
Jumla ni 4,294,967,297

Hesabu hii inaenea nyuma ya bahasha. Mtu yeyote aliyehitimu darasa la kisomo anaweza kuifanya. Tena, kama mtu angeanza na 2 akazijaribu namba tasa moja moja, angeifikia 641 katika jaribio la 116. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye subira. Mimi kila nikiifikiria hushangaa: siku chache za kazi zilisubiri miaka tisini na miwili.

Lakini Euler hakubahatisha. Alikuwa na njia ya kupunguza kazi, ingawa mwaka ule wa 1732 hakuieleza. Aliieleza miaka mingi baadaye. Njia hiyo ni hii. Namba tasa yoyote inayoigawanya namba yetu bila baki ina tabia moja: ukiitoa moja, kinachobaki hugawanyika kwa 64. Kwa hiyo hatuna haja ya kujaribu 11, wala 13, wala 17. Tunajaribu tu hizi: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Kati ya hizo, 65 na 385 zinagawanyika kwa 5, na 129, 321 na 513 zinagawanyika kwa 3. Zitupe. Zimebaki 193, 257, 449, 577 na 641. Majaribio matano, na la tano ndilo linalopata.

Na kanuni iliyoiongoza njia hiyo aliitoa wapi? Kwa Fermat huyo huyo. Fermat ndiye aliyegundua sheria ambayo njia ya Euler imejengwa juu yake. Alikuwa na ufunguo mfukoni mwake, asiutumie kwa mlango huu.

Na namba zilizofuata katika safu ya Fermat? Ile ya kurudufu mara 64 iligawanywa mwaka 1880 na Mfaransa mmoja, Fortuné Landry, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini. Siku hizi mashine za kompyuta zimejaribu nyingine nyingi. Mpaka leo, zaidi ya zile tano za kwanza, haijapatikana hata moja iliyo tasa. Fermat alikuwa amesimama penye namba tasa ya mwisho inayojulikana, akadhani ndiyo kwanza zinaanza.

MACHO YA EULER

Mwaka 1734 Euler alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji wa picha aliyetoka Uswisi. Walipata watoto kumi na watatu. Watano tu ndio waliokua. Huzuni hiyo ilikuwa ya kawaida Ulaya ya siku zile, lakini si kwamba kwa hiyo ilikuwa nyepesi kwa mama na baba. Inasemekana Euler aliweza kufanya hesabu mtoto mchanga akiwa mapajani na wengine wakicheza miguuni.

Mwaka 1738 aliugua, na jicho lake la kulia likapofuka. Yeye mwenyewe aliilaumu kazi ya kuchora ramani za Urusi, iliyomchosha sana macho.

Mwaka 1741 alihamia Berlin, alikoitwa na Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia. Alikaa huko miaka 25. Kazi yake ilistawi, lakini yeye na mfalme hawakupatana. Mfalme alipenda watu wenye maneno ya mzaha na mazungumzo ya kupendeza mezani. Euler alikuwa mtu wa kanisa, mpole, asiyejua kujipendekeza. Mfalme alimcheka hata kwa ajili ya jicho lake moja. Nje ya mji Euler alikuwa na shamba. Mwaka 1760, wakati wa vita, askari wa Urusi waliliharibu. Wakubwa wao walipopata habari ni shamba la nani, walimlipa fidia. Urusi haikuwa imemsahau.

Ndipo mwaka 1766 akarudi St. Petersburg, kwa mwaliko wa malkia Catherine wa Pili. Alikuwa na miaka 59. Mara jicho la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. Mwaka 1771 daktari alimpasua, na kwa siku chache akaona tena. Kisha jicho likaingia uchafu, kwa maumivu makali, na giza likarudi. Mwaka huo huo nyumba yake iliungua. Mtu mmoja wa kwao Basel, Peter Grimm, aliingia motoni akambeba mgongoni na kumtoa nje. Maandishi yake mengi yaliokolewa.

Watu walidhani kazi yake imekwisha. Haikwisha. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Hesabu ndefu ambazo wengine hujaza kurasa, yeye alizifanya kichwani, halafu akawatajia wanawe na wasaidizi wake wakaandika. Mara nyingine aliandika mwenyewe kwa chaki, kwa herufi kubwa, juu ya kibao kikubwa. Sehemu kubwa ya maandishi yake yote ni ya miaka hiyo ya giza.

Kitabu chake kimoja cha miaka hiyo kinatuhusu sisi wa darasa la kisomo. Ni kitabu cha kufundisha aljebra, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1770. Mwandishi aliyemshikia kalamu hakuwa msomi. Alikuwa kijana aliyejifunza kazi ya kushona nguo, ambaye Euler alikuja naye kutoka Berlin. Hakujua hesabu za juu hata kidogo. Euler alisema, kijana aliandika, na pale asipoelewa Euler alieleza upya. Kitabu kilipokwisha, inasimuliwa, fundi yule wa nguo aliweza kutatua maswali magumu ya aljebra bila msaada.

NAMBA YA PILI

Mwaka 1772 Euler alitangaza habari ya namba nyingine kubwa. Safari hii alirudufu mara thelathini na moja, na badala ya kuongeza moja alipunguza moja:

2,147,483,647

Padre mmoja Mfaransa, Marin Mersenne, alikuwa ameandika mwaka 1644 kwamba namba hii ni tasa. Naye hakutoa uthibitisho. Ilikuwa hadithi ile ile: mtu mwenye sifa, namba kubwa, na miaka mingi ya kuaminiana.

Euler alikuwa na umri wa miaka 65, karibu kipofu kabisa. Alitumia tena njia ya kutupa namba zisizofaa ili zibaki chache, kisha zilizobaki zikajaribiwa moja moja. Hakuna hata moja iliyoigawanya. Mersenne alikuwa amesema kweli. Kwa zaidi ya miaka sabini baada ya hapo, hakuna aliyepata namba nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo na kuthibitisha kuwa ni tasa.

SIKU YA MWISHO

Katharina alifariki mwaka 1773. Miaka mitatu baadaye Euler alimwoa ndugu yake wa baba mmoja, aliyeitwa Salome, ili nyumba iwe na mtunzaji.

Tarehe 18 Septemba 1783 ilikuwa siku kama nyingine. Alikuwa na miaka 76. Asubuhi alimfundisha mjukuu wake hesabu. Mwaka huo Wafaransa walikuwa wamerusha puto kubwa angani kwa mara ya kwanza, na Euler alipiga hesabu za kupaa kwake kwa chaki juu ya kibao. Wakati wa chakula cha mchana alizungumza na mwenzake kuhusu njia ya sayari mpya, Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili nyuma. Jioni, akiwa pamoja na mjukuu wake, alipatwa na kiharusi. Alifariki usiku ule.

Kibao kilikutwa kikiwa bado na zile hesabu za puto. Na maandishi aliyoyaacha yalikuwa mengi mno hata Akademia ya St. Petersburg iliendelea kuyachapisha, mwaka baada ya mwaka, kwa karibu miaka hamsini.